Kushika, Kusoma, Kung'amua

Ni nadra kupata mtaa ambao jina lake ni istilahi. Mamboleo, pale barabara ya Kisumu kwenda Kakamega inapoachana na ile inayokatiza mashamba ya miwa kuelekea Miwani, Chemelil na Muhoroni, imebahatika. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ililipa gazeti lake jina la Mambo Leo, maneno mawili yakiwa bado yanaishi mbalimbali. Yakaja kuungana yakawa kivumishi, na kivumishi hicho kikawapa wasomi wa siasa ukoloni mamboleo: jambo la zamani lililorudi na sura mpya. Istilahi chache za siasa zimefanikiwa namna hiyo. Hakuna aliyeshurutishwa kuitumia. Ilikaa mdomoni vizuri, ikabaki.

Ninayotaka kuishughulikia hapa haijafika huko. Ni GPS, au jipiesi kama inavyotamkwa. Simama njia panda ya Mamboleo usikilize. "GPS yangu haishiki," analalamika dereva wa teksi ambaye simu yake imebandikwa kwenye dashibodi. "Wewe fuata tu GPS," abiria anamwambia mtu wa boda asiyepajua anakokwenda. "Hii pikipiki iko na GPS, ukiiiba utapatikana," mwenye mali anaonya. Herufi ni zilezile tatu, lakini mashine zinazosemwa ni tatu tofauti. Ya kwanza inapokea. Ya pili inaelekeza. Ya tatu inatuma. Kiswahili kina vitenzi hivyo vyote, tena vya siku nyingi, na bado tumevifungia ndani ya herufi tatu za Kiingereza kisha tukashangaa kwa nini watu hawaelewi kifaa kinafanya nini.

Hasara yake si ndogo. Mtu mzima na akili zake timamu ataamini kwamba kuna setilaiti inayomtazama akitoka Kondele hadi nyumbani. Setilaiti ya GPS inazunguka kilomita 20,200 juu ya ardhi, na haijui kama kuna Mamboleo wala kama kuna mtu. Inatangaza tu, mchana na usiku: saa yangu ni hii, nami nipo hapa. Anayesikia na asikie. Wakisikia watu milioni au asisikie hata mmoja, kwake ni sawa.

Halafu kuna tatizo la pili la jina, ingawa hili halinisumbui sana. GPS ni mfumo mmoja tu, wa Marekani, uliorusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1978 na kutangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Urusi ina GLONASS, Ulaya ina Galileo, China ina BeiDou, na simu nyingi zinazouzwa siku hizi husikiliza mifumo yote minne kwa pamoja. Tunaendelea kuiita yote GPS. Lakini dukani pia mtu huomba Omo ya kampuni nyingine, na muuzaji humpa sabuni ya unga bila kumsahihisha. Mwenye kutaka jina la jumla na aseme setilaiti za mahali. Mwenye haraka na aseme GPS. Vita vyangu viko kwenye vitenzi.

Njia bora ninayoijua ya kuvitenganisha vitenzi hivyo ni kuitoa kazi moja nje ya simu, uishike mkononi. Kuna vipokezi vya nje, vidude vinavyoenea kiganjani, vyenye betri yake na taa mbili tatu, ambavyo husikiliza setilaiti na kuipelekea simu majibu kwa Bluetooth. Katikati ya miaka ya 2000 havikuwa anasa. Simu nyingi za Nokia zenye mfumo wa Symbian hazikuwa na kipokezi ndani, kwa hiyo mwenye kutaka ramani alinunua cha pembeni, kama LD-3W ya Nokia yenyewe. N95 ilipoingia sokoni mwaka 2007 ikiwa na chake tumboni, biashara ya vile vya nje ikaanza kudorora. Haikufa. Tableti zisizo na laini ya simu mara nyingi hazina kipokezi, na zaidi ya hizo wapo watu ambao kipokezi cha simu hakiwatoshi.

Hao wa mwisho ukiwatafuta Kisumu utawakuta kwenye mashamba. Mamboleo, Kajulu na Riat zimekuwa zikikatwakatwa viwanja kadiri mji unavyopanuka, na tangu uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta ufunguliwe kwa sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2021, mtaa umezidi kuchangamka. Simu peke yake hukosea kwa mita kadhaa. Kwa anayetafuta hoteli ya samaki, mita tano si kitu. Kwa ndugu wawili wanaogawana shamba la marehemu baba yao, mita tano ni kesi. Kwa nchi mbili pia: kisiwa cha Migingo kipo nusu kilomita hivi ndani ya Kenya, na mwaka 2009 Kenya na Uganda zililazimika kutuma wapima ardhi wa pamoja kwenda kuusaka mpaka ambao Waingereza waliuandika kwa maneno mwaka 1926.

Kipokezi kilichotengana na simu kina historia nyingine hapa kwetu, isiyotajwa sana. Katika miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI ya Kenya na CDC ya Marekani walipokuwa wakichunguza kule Asembo kama vyandarua vilivyotiwa dawa vinaokoa watoto, ilibidi wajue kila boma liko wapi. Wakati huo Marekani ilikuwa bado ikiichafua makusudi ishara inayopewa raia, hata kipokezi kizuri kikaweza kukosea kwa mita mia. Wakatumia mbinu ya kulinganisha: kipokezi kimoja kinasimama mahali panapojulikana barabara, kingine kinazungushwa bomani, na makosa ya kile cha kwanza yanatumika kusahihisha ya cha pili. Uchafuzi ule ulikomeshwa Mei 2000, lakini mbinu imebaki. Wapima ardhi wanaviita viwili hivyo besi na rova. Mimi ningependa kituo na mzungukaji, ila najua nikisimama shambani na kupaza sauti "leta mzungukaji" nitaletewa mtu.

Sasa tukiwashe kidude. Jambo la kwanza ni kukitoa nje, mbali na mabati na miembe, na kukiacha kitulie. Hapa ndipo Kiswahili cha mtaani kinapowapita watafsiri. Hatua ambayo kifaa kimeshapata setilaiti za kutosha na kujua kilipo, Kiingereza huiita kwa neno ambalo pia lina maana ya kutengeneza kilichoharibika. Mtafsiri mvivu ataandika rekebisho, na msomaji ataenda kumtafuta fundi. Mtaani wanasema imeshika. Mtandao unashika, laini inashika, setilaiti zinashika. Kushika kuna maana ya kupata na pia ya kutoachilia, na hivyo ndivyo kipokezi kinavyofanya: kikishaipata ishara huifuata isikiponyoke. Wengine husema inasoma: "Inasoma setilaiti ngapi?" Hilo nalo linafaa, kwa hatua nyingine. Kusoma ni kuona kwamba zipo. Kushika ni kuzipata vya kutosha kujua mahali. Kifaa kinaweza kusoma tatu na kisishike. Kinahitaji nne.

Kama kimekaa kabatini miezi, usikiharakishe. Kila setilaiti hutangaza, kidogokidogo, ratiba ya jumla ya wenzake wote, na kuipokea yote huchukua dakika 12 na nusu. Ratiba hiyo ingeweza kuitwa almanaki, lakini kamusi za zamani zina neno takwimu kwa maana hiyohiyo ya kalenda na mahesabu ya nyakati, kabla halijatwaliwa na watu wa asilimia. Sina matumaini ya kulirudisha. Nalitaja kwa sababu inanifurahisha kwamba kidude kilichowekwa juu ya ukuta wa mawe pale Mamboleo kinapakua takwimu kwa maana ambayo wazee wangeielewa.

Kikishashika, inafuata simu. Watafsiri wa programu za simu walichagua kuoanisha kwa kitendo cha kuvifanya vifaa viwili vitambuane, na ninawapongeza bila kusita. Kulikuwa na kuunganisha, lenye kutumika kwa waya, intaneti, mabomba na nguvu za wananchi. Kuoanisha kunabagua: vifaa viwili tu, kwa makubaliano, na vinakumbukana hata baada ya kuzimwa. Unaoanisha mara moja. Unaunganisha kila asubuhi. Mahari nayo ni nafuu, maana namba ya siri ya vidude hivi huwa 0000 au 1234.

Baada ya hapo kipokezi kinaanza kuongea, na kinaongea kwa sentensi. Hilo ni jina rasmi. Utaratibu unaotumika unaitwa NMEA, herufi za chama cha Marekani cha vifaa vya elektroniki vya baharini, na ulibuniwa miaka ya mwanzo ya 1980 ili vifaa vya melini visikilizane. Kwa hiyo hata juu ya kilima, simu inasomewa lugha ya mabaharia. Sentensi huanza kwa alama ya dola, zikafuata herufi mbili za kumtaja msemaji, halafu aina ya habari, halafu habari yenyewe ikiwa imetengwa kwa mikato, na mwisho, baada ya nyota, tarakimu mbili za kuhakiki kwamba hakuna kilichopotea njiani. Ni sentensi yenye msemaji, wakati na mahali, bila kitenzi. Mwalimu wangu wa sarufi angeikata alama.

Kwa Mamboleo, sentensi ya saa sita mchana ingeanza hivi: $GPGGA,090000,0004.0,S,03446.5,E. Kila kipande chake kinastahili kuangaliwa, kwa sababu Kiswahili kina la kusema kwenye kila kimoja.

Kwanza wakati. Tarakimu 090000 ni tisa kamili kwa saa inayohesabiwa kutoka Greenwich, nami nimeepuka kusema saa tisa, kwani Mswahili akisikia saa tisa anajua ni alasiri. Wakati huohuo saa ya ukutani, inayofuata saa za Afrika Mashariki, inaonyesha 12. Na mama anayeuza sukumawiki kando ya barabara anasema saa sita. Kumi na mbili, tisa, sita. Saa ya dunia imekaa katikati kabisa ya saa zetu mbili, tatu nyuma ya hii ya ukutani na tatu mbele ya ile ya mdomoni, na hivyo ndivyo ilivyo saa zote za siku. Mtu aliyekua akitafsiri kati ya saa mbili kila anapoangalia mkono hapaswi kuogopa ya tatu.

Na wakati si pambo katika sentensi hiyo. Wakati ndio msingi wa mambo yote. Mawimbi ya redio hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ya setilaiti iliyo utosini huchukua kama sehemu saba za mia ya sekunde kufika. Kipokezi hulinganisha saa iliyotajwa na saa ya kupokea, kinapata muda wa safari, kinauzidisha kwa mwendo, kinapata umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kujua mahali, kama saa ya kipokezi ingekuwa sahihi. Si sahihi. Setilaiti hubeba saa za atomu. Kidude chako kina saa ya bei rahisi, na kuteleza kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kukosea mita 300. Setilaiti ya nne ni ya kusahihisha saa. Kwa hiyo kifaa tunachodhani kinauliza "niko wapi?" kinalazimika kwanza kuuliza "saa ngapi?"

Kisha mahali. Vipimo vya duara tunaviita nyuzi au digrii, na kila uzi una dakika sitini, neno lilelile la saa. Mamboleo iko nyuzi sufuri na dakika nne hivi kusini mwa Ikweta, na nyuzi 34 na dakika 46 na nusu hivi mashariki mwa Greenwich. Hapa pana mtego. Sentensi huandika nyuzi na dakika bila nafasi kati yake, na mtu aliyezoea desimali husoma 34465 kama nyuzi 34.465. Dakika 46.5 si sehemu 465 za elfu ya uzi, ni 775. Atakayekosea hapo ataipeleka Mamboleo zaidi ya kilomita 30 magharibi, upande wa Seme. Kiswahili kingemwokoa kama angeisoma kwa sauti: nyuzi thelathini na nne, dakika arubaini na sita na nusu. Hakuna anayesikia dakika arubaini na sita akafikiri ni karibu nusu saa.

Baada ya namba inakuja herufi S, ya kusini. Katika programu nyingi herufi hiyo hugeuzwa kuwa alama ya kutoa, na alama ya kutoa ni kitu kinachosahaulika kwa urahisi wa ajabu. Mtu wa Mombasa akiisahau, mahali pake panaruka kilomita kama 900 hadi ndani ya Ethiopia, anacheka, anarekebisha. Mtu wa Mamboleo akiisahau anajikuta kilomita 15 kaskazini, katika vilima vya Vihiga, kwenye nyumba, migomba, njia na shule za msingi kama za kwao. Ramani inaonekana sawa. Hivyo kuishi karibu na Ikweta kuna ubaya wake: kosa kubwa linavaa nguo za kosa dogo.

Kusini yenyewe ni neno lililosafiri. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi na kusini ni kunakotoka kusi, pepo za msimu zilizoendesha majahazi, na kwa mtu wa Nam Lolwe, ziwa letu, pepo hizo hazina kazi. Ziwa lina upepo wake. Majirani zangu Waluo wakitaja mashariki na magharibi hutaja jua: wuok chieng' na podho chieng', linakotoka na linakotua. Hata mabaharia wa pwani hawakutegemea pepo peke yake. Kaskazini walikuwa na jaa, nyota isiyohama, na kusini suheli. Waliipima jaa kwa kibao chenye uzi wa mafundo kilichoitwa kamali, wakajua wamefika wapi. Hapa Mamboleo kamali isingesaidia kitu: kwa aliye kwenye Ikweta, jaa imelala kwenye upeo wa macho, na mbele yake kuna vilima vya Riat.

Nirudi kwenye kidude, maana bado hakijapata jina. Nimekuwa nikikiita kipokezi kama kwamba jambo limekwisha kuamuliwa. Mtaalamu wa istilahi wa Uganda, K. B. Kiingi, aliwahi kupendekeza vigezo vya kupimia istilahi ambavyo wanafunzi wa isimu huvikariri kwa kifupi cha PEGITOSCA; kimojawapo ni kwamba istilahi iweze kuzaa wenzake, na kingine ni kwamba isifanane na tusi. Kipokezi kinafaulu vyote viwili. Pokea inatupa kipokezi, upokezi na mapokezi, ingawa hili la mwisho limekwisha kuchukuliwa na hoteli. Na kubwa zaidi, pokea inasema ukweli kuhusu upande wa kazi: mikono iko wazi, hakuna kinachorudishwa.

Lakini kuna mshindani, naye ana nguvu. Televisheni za dijitali zilipoingia, Tanzania kuanzia mwisho wa 2012 na Kenya kufikia 2015, kila nyumba ilihitaji kisanduku cha kufungua mawimbi, na king'amuzi kikaingia sebuleni kikakaa. Ni katika istilahi nzuri kuliko zote za kizazi chetu. Kung'amua ni kutambua kilichofichika, kwa akili na si kwa macho. Na sasa sikiliza kinachotokea ndani ya kipokezi cha GPS. Ishara ikifika ardhini imedhoofika kiasi kwamba imezama chini ya kelele za kawaida za elektroniki za kifaa chenyewe. Kama kipokezi kingengoja kuisikia, kingengoja milele. Kinachofanya ni hiki: kila setilaiti ina msimbo wake wa vipande 1,023 unaojirudia kila sehemu ya elfu ya sekunde, na kipokezi kinaijua misimbo yote kwa moyo. Kinaimba mmoja kimoyomoyo, kinausogeza mbele na nyuma, mpaka kelele zikubaliane nao. Wakati huo kinajua setilaiti ipo, na kusogeza kule kumekwisha kukipa muda wa safari. Kama huko si kung'amua, kitenzi hicho hakina kazi duniani.

Hata hivyo sitakibadilisha jina. King'amuzi kimeshika runinga na hakitaachia. Kifaa kizima kiwe kipokezi. Kazi ya ndani iitwe kung'amua. Ila nasisitiza kitenzi hiki kitumike, kwa sababu ndicho kinachoeleza kwa nini dari ya zege huua kila kitu: kilichokuwa kimezama tayari kinazamishwa zaidi.

Kinaeleza pia kinachotokea jioni. Juu ya Afrika ya Ikweta, baada ya jua kutua, tabaka la hewa lenye chembe za umeme huvurugika, na ishara zinazolipenya hupanda na kushuka nguvu kwa haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, chuo kilichojengwa penye Ikweta kabisa kwenye barabara ya Busia, wamelichunguza jambo hili kwa miaka, hasa miaka ambayo jua lina misukosuko. Kwa jina, nyota zimekwisha kutupa kumetameta. Mpima ardhi anayeona setilaiti zake zikiachia moja moja saa mbili usiku asikimbilie kubadilisha betri. Zinametameta.

Setilaiti yenyewe, kwa njia, haina jina la Kiswahili, na hilo lina kichekesho chake. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na Wamarekani wakaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya uhuru wa Kenya. Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1 kutoka California. Majina yapo angani, ila jina la chombo ni la mkopo. Tuliache. Setilaiti inatamkika, ina ngeli, haimdhuru mtu.

Inabaki kazi ya kuelekeza, ambayo ni ya programu ya ramani wala si ya kipokezi. Kipokezi kinajua ulipo. Hakina habari na unakokwenda. Kwa kazi hii wengine hupenda uabiri, kutokana na kuabiri, kusafiri majini, kitenzi kilichotuachia abiria hata wa matatu. Wengine rubani, ambaye kabla ya kupanda ndege alikuwa mjuzi wa kuingiza merikebu bandarini. Mimi nina neno ninalolipenda kuliko hayo, ingawa najua limepotea. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, alipewa mtu wa kumvusha hadi India, na waandishi wa Kireno wa karne iliyofuata wanamtaja kama Malemo Cana. Malemo si jina la mtu. Ni muallim, cheo cha mjuzi wa njia chomboni, anayesoma nyota na kumwambia nahodha pa kuelekea. Ni mwalimu wetu huyuhuyu. Nahodha aliamuru, mwalimu alijua. Lakini darasa limemchukua mwalimu moja kwa moja, na programu itabaki kuelekeza tu. Si vibaya. Elekeza ni kumfanya mtu aelekee. Hatua bado ni zake, na mtu wa boda anayejua kwamba njia ya mkato ya ramani hugeuka tope mvua za masika zikianza ana haki ya kukataa.

Sasa kuna mahali watafsiri hawakuwa na kosa bali wabunifu wenyewe. Katika simu za Android, ili ramani zote zisikilize kipokezi cha nje badala ya kile cha ndani, lazima uingie kwenye chaguo za wasanidi programu, mlango uliofichwa ambao hufunguka ukigusa namba ya toleo mara saba. Humo unateua programu inayosoma zile sentensi, na simu inaiweka katika fungu la mahali pa kuiga. Yaani mahali pa uongo. Njia hiyo ilikusudiwa kwa wasanidi wanaotaka kujaribu programu zao wakijifanya wako Tokyo, na kipokezi chenye usahihi kuliko simu yenyewe kinapitishwa humohumo kama mwigizaji. Programu nyingine, za benki au za teksi, zikiona hivyo hukataa kufanya kazi, zinakushuku unaigiza. Nimejaribu kutafuta neno la Kiswahili litakaloondoa tusi hilo. Mahali pa kuletwa, labda, kwa kuwa pameletwa kutoka nje. Au mahali pa kipokezi cha nje, refu lakini kweli. Kwenye iPhone hakuna mchezo huo: inakubali vipokezi vilivyoidhinishwa na Apple tu, na vikikubaliwa vinahesabiwa wakweli.

Na yule mwenye pikipiki aliyeonya wezi? Chake ni traka, na traka ni vifaa viwili ndani ya boksi moja: kipokezi, na simu ndogo isiyo na kioo. Kipokezi kinapokea kutoka angani bure. Simu ile ndiyo inayotuma, kupitia mnara wa kampuni ya simu, na ina laini yake, na laini ina bando. Bando likiisha, kipokezi kinaendelea kujua pikipiki iko wapi kwa mita chache, usiku kucha, iwe Ahero au Busia. Kinajua, na hakuna kinachomwambia mwenyewe.